Mabakuli Matatu Kwenye Friji

Jumatatu asubuhi simu ilimkuta Medius akifuta meza. Alikuwa maneja wa hoteli ya chakula hapo Bwera, upande wa Uganda, kando ya barabara inayokwenda mpaka wa Kongo. Aliyepiga alikuwa katibu wa kwaya kutoka Kitswamba. Jana yake wanakwaya walikula pale chakula cha mchana baada ya Misa.

"Watu wetu kumi na mmoja wametapika tangu jana jioni," katibu alisema. "Mama Feresita amewekewa dripu. Mlitulisha nini?"

Medius alipokata simu aligeukia jikoni, na mtu wa kwanza aliyemtazama alikuwa Kahambu.

Kahambu alikuwa mpishi. Alivuka kutoka upande wa Beni mwaka uliopita, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Jana ndiye aliyepika makayabo, wale samaki wa chumvi wanaoletwa kutoka Kongo. Sasa alikuwa anamenya viazi, ameinamisha kichwa, na Medius aliona kama anajificha.

Mwenye hoteli, Ruben, alikuwa Kasese mjini. Alipopigiwa simu hakuuliza hata wagonjwa wanaendeleaje. "Mwaga kila kitu, osha sufuria, nyamaza," alisema. "Na huyo Mkongo mwondoe kabla watu hawajaanza kutaja Ebola."

Medius alikuwa bado ameshika simu wakati Jonan, mhudumu wa mezani, alipomsogelea. "Maneja, jana nilimuona anaficha kitu kwa friji. Alingoja sisi tutoke kwanza."

Medius alifungua friji. Nyuma ya kreti ya soda kulikuwa na mabakuli matatu madogo, yamefunikwa kwa nailoni na kufungwa vizuri. Moja lilikuwa na wali, jingine maharage, la tatu makayabo. Alidhani sumu ndiyo hiyo. Hakumwuliza Kahambu neno. Alifunga friji kwa kufuli, akawazuia wote kuosha chochote, akampigia Thembo, afisa wa afya. Alimwita ili mtu akamatwe.

Thembo alifika kwa pikipiki kabla ya saa sita. Aliyatazama mabakuli kwa muda, kisha akauliza ni nani aliyeyaweka.

"Ni mimi," Kahambu alisema.

"Kwa nini?"

"Kule Beni nilikuwa napikia wagonjwa mu santre ya Ebola. Balitufundisha: kila chakula, unaweka kidogo mu frigo, siku tatu. Mutu akigonjwa, munganga anapata kitu ya kupima."

"Na mbona hukuniambia?" Medius aliuliza.

"Haukuniuliza, madamu. Uliniangalia tu."

Thembo alitabasamu kidogo, akachukua daftari. Alimpigia katibu wa kwaya na kumtaka amtajie kila aliyekula na alichokula, wagonjwa na wazima. Ilichukua karibu saa nzima. Waliokula makayabo kwa ugali walikuwa wazima wote. Wagonjwa wote kumi na mmoja walikula wali, wengine kwa maharage, wengine kwa makayabo.

"Wali ulipikwa lini?"

Jonan alitazama sakafu. Kahambu alimtazama Medius. Medius alingoja amtaje, akawa tayari kukana. Kahambu hakumtaja, na hilo lilimchoma Medius kuliko kama angemtaja.

"Jumamosi saa kumi," Medius alisema mwishowe. "Ulibaki sufuria nzima. Mimi ndiye niliyesema ufunikwe, ulale hapo mezani, upashwe moto Jumapili na kuchanganywa na mpya."

"Wali ukikaa na joto usiku kucha unafanya sumu," Thembo alisema, "na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Nitapeleka haya mabakuli maabara, lakini sitashangaa wakisema hivyo. Mngeyamwaga tungebaki kuwasingizia samaki."

Alifunga hoteli kwa siku nne. Ruben alipiga kelele kwenye simu, Medius akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwamba ameshasema ukweli na haurudishi.

Siku iliyofuata alikwenda Kitswamba. Mama Feresita alikuwa ameketi kitandani nyumbani kwake, midomo imekauka, anakunywa uji.

"Kosa lilikuwa langu, mama," Medius alisema, akaeleza habari ya wali.

Feresita aliweka kikombe cha uji chini. "Sisi tuliambiwa ni yule Mkongo. Kijana wenu wa mezani alitupigia simu."

Medius aliomba azungumze na kwaya. Jioni hiyo, walipokuja kufanya mazoezi, alisimama mbele yao na kurudia yote, na jina la Kahambu akalitaja mara mbili ili wasije wakasema hawakusikia. Mtu mmoja alitoka nje. Wengine walimsikiliza.

Majibu ya maabara yalikuja hoteli ikiwa imeshafunguliwa: chanzo kilikuwa wali. Jonan alikuwa ameshaombwa atafute kazi kwingine.

"Ulifikiri nimepatia watu sumu?" Kahambu aliuliza, mikono yake ikiwa ndani ya beseni la mchele.

"Ndiyo."

"Ni vizuri umesema."

Alipika hapo mpaka mwisho wa mwezi, kisha akapata kazi kwenye kantini moja ya Kasese. Medius alimwandikia barua nzuri ya kumtambulisha, na hakuona kama ana haki ya kumwomba abaki.