Kanda ya Wilfrido

Mimi ni msusi, sina cheo chochote, lakini kwenye kamati ya kuchagua vitu vya maktaba nimo, tena kwa kura. Watu wa Santa Rufina walinipa nafasi hiyo kwa sababu mdomo wangu hauna breki. Tuko watatu: mimi, Arelis mkutubi, na mwalimu Bernal, mtu wa milimani aliyehamishiwa huku mtoni na mpaka leo anavaa soksi kwenye joto hili.

Sheria zetu ni chache. Kitabu au kanda ikitolewa zawadi, haiingii rafuni mpaka kamati iipitie: iwe nzima, iwe na faida kwa watu, na wakati tunaipitia mwenyewe asiwepo. Hilo la mwisho tuliliweka kwa sababu ya mzee Eliécer. Alituletea mashairi yake, akasimama nyuma ya viti vyetu, na kila tukifungua ukurasa anauliza, "Vipi, yanachoma?" Tukayachukua kwa kumwonea haya. Mpaka leo anayeyaazima ni yeye peke yake.

Sasa, Ubaldina Meza akaja na kanda yake kaifunga kwenye kitambaa. Mwanawe Wilfrido aligongwa na lori mwaka jana. Alikuwa mwimbaji, na kanda hiyo aliirekodi nyumbani kwa bibi yake, akampa rafiki yake mmoja, na rafiki akaileta baada ya maziko. Ubaldina hajawahi kuisikiliza. Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki, hata redio inageuziwa ukutani, na yeye bado alikuwa kwenye nguo nyeusi. Kwenda kuisikilizia kwa jirani ni aibu ileile.

"Lakini maktaba si nyumba ya mtu," aliniambia. "Mkiichukua, nitakuja kukaa kwenye ile mashine yenu ya kusikilizia kanda kama msomaji yeyote. Hakuna atakayesema Ubaldina kavunja msiba. Nataka kumsikia mwanangu, Elvia. Basi."

Niliipeleka kwenye kikao. Mwalimu Bernal akakunja uso.

"Maktaba si makaburi, bi Elvia. Leo tukichukua ya Wilfrido, kesho kila mama ataleta ya mwanawe."

"Si walete! Tuna rafu nzima ya vitabu vya kuteleza kwenye theluji, mwalimu, na barafu yenyewe hapa tunaionea kwenye glasi ya juisi. Hivyo uliviona vina faida?"

"Vilitumwa kutoka mji mkuu."

"Ehee! Na huyu katumwa na mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe utaujulia wapi?"

Arelis akagonga meza. "Jamani, tusikilize kwanza, halafu mtagombana."

Basi Ubaldina akawekwa kwenye benchi la nje na mlango ukafungwa. Nilimwomba Arelis amruhusu aingie, nikamwomba tena. "Nikimfungulia huyu, nitamfungulia na Eliécer," akasema. Nilitamani kumrushia kitu.

Mashine ikaanza. Tukasikia mbwa, tukasikia kiti kinaburutwa, kisha kijana akacheka na kusema: "Mama, kaa hapa karibu. Huu wa kwanza ni wako." Akaimba. Jamani, yule mtoto alikuwa na sauti! Nzito, ina kamchanga kwa mbali, hata vinyweleo vya mikono vilinisimama. Mwalimu Bernal alivua miwani yake akaishika tu. Wimbo wa pili ulipoanza, Arelis akanong'ona, "Mimi naikubali," na mwalimu alikuwa ameshainua mkono hata kabla hajaulizwa.

Hapo ndipo sauti ikaanza kuvutika. Ikawa nene, ikalegea kama ya mlevi, ikazama. Mashine ilikuwa inaila kanda.

"Usivute!" nilipiga kelele, lakini Arelis alikuwa ameshavuta. Ilitoka imejikunja kama matumbo ya kuku, ikakatika. Iliyobaki ndani ilikuwa imegandana kwa unyevu wa mto. Nilijaribu kuiachanisha kwa ncha ya chanuo langu, polepole, mimi ninayefumua nywele za kila aina, na kila nilipogusa ilichanika. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nani atamwambia?" akauliza Arelis, huku analia.

Nani mwingine? Nikatoka, na wao nyuma yangu. Ubaldina akasimama, akalinyoosha gauni lake.

"Imekubaliwa?"

"Imekubaliwa, dada yangu. Lakini mashine imeila. Imeharibika yote."

Hakupiga yowe. Alinitazama tu. "Nyinyi mmemsikia?"

"Tumemsikia."

"Nyinyi mmemsikia, na mimi niliyemzaa nimekaa nje."

Mimi, mwenye mdomo, nilisimama pale machozi yananitoka.

"Alinitaja?" akauliza.

Mwalimu Bernal, maskini, alifurahi kwamba ana kitu cha kumpa. "Alikutaja, bibie! Maneno yake ya kwanza kabisa! Alisema, 'Mama, kaa hapa karibu, huu wa kwanza ni wako.'"

Nilitamani kumfinya. Kwao milimani pengine ni tofauti, lakini huku mtoto aliyelelewa na bibi, bibi ndiye anayemwita mama, na mama mzazi humwita kwa jina lake. Wilfrido alikuwa hajaota hata meno Ubaldina alipomwacha kwa bibi yake akaenda mji wa mbali wa Caracas kupika kwenye majiko ya watu ili mtoto ale. Mwalimu hakujua. Arelis akatazama chini.

Uso wa Ubaldina uling'aa, niliuona kwa macho yangu, kisha ukazima.

"Mama ni Nicolasa, mwalimu," alisema kwa upole. "Bibi yake. Mimi alikuwa ananiita Ubaldina." Akatutazama mmoja mmoja. "Jina la Ubaldina hamkulisikia? Hata mara moja?"

Mwalimu Bernal akairudisha miwani usoni.

"Kanda haikufika hata nusu," nikamwambia. "Zilikuwa zimebaki nyimbo nyingi. Labda jina lako lilikuwa huko mbele."

Akachukua mkononi mwa Arelis kile kilichobaki cha kanda, akakigeuza.

"Labda," alisema. "Labda lilikuwa upande wa pili."