Kilo za Mtoto Aliyeviringishwa

Tuda, muuguzi mgeni wa zahanati moja ya milima ya Atlasi, alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye sindano kwa hesabu ya kilo saba za mizani. Lakini alipomtazama mtoto mwenye homa, aliyepimwa akiwa ameviringishwa mablanketi, akaiweka sindano kando. Kwa uso mdogo hivi, kilo saba zimetoka wapi?

"Bibi, tumvue tumpime tena."

"Na baridi hii? Na macho ya watu?" Bibi Yamna akamkumbatia mjukuu. "Mchome upesi, anaungua!"

"Dawa hii ikizidi itamharibu masikio, bibi yangu. Tufunike kwa shuka lako, mtu asimwone."

Bibi akasita, kisha akawafunika. Tuda akaviringua blanketi moja baada ya jingine, na ndani akakuta hirizi za fedha na kipande cha chuma cha kukinga kijicho. Mizani sasa ikasema tano.

Akaimwaga ile dawa. Akapiga hesabu upya, akairudia, akairudia tena huku akinong'ona.

"Unahesabu au unasali?" bibi akauliza.

"Yote mawili, bibi."

Akavuta dawa upya, akamchoma. Mtoto akalia, na Tuda akakaa kando yake, hambandui macho.