Jaruba Namba Nne

Watu walimwita Kibano, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Ilitosha kumtazama akipita juu ya tuta kati ya majaruba ya mpunga. Anazungumza nawe habari za mvua, ghafla anainama, vidole viwili vinachomoka kama mdomo wa korongo, gugu liko mkononi, naye anaendelea na habari za mvua pale alipoziachia. Alikuwa ameng'oa magugu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kung'oa magugu ya hospitali akisubiri zamu yake ya kuingia kwa daktari. Mkewe alisema siku ya harusi yao alimkuta bwana harusi nyuma ya nyumba, amevaa suti, amepiga magoti, na wala hakuwa anasali.

Basi mtu huyo, kati ya wakulima mia mbili wa skimu nzima ya umwagiliaji, ndiye aliyechaguliwa kuacha magugu yaote.

Kampuni moja ilikuwa imeleta dawa tatu mpya za kuua magugu kwenye mpunga. Kazi ya kuzijaribu alipewa bwana shamba, kijana mpole aliyeandika kila kitu kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Alitaka majaruba manne yanayofuatana kando ya barabara, udongo mmoja, maji ya mfereji mmoja. Ya Kibano yalifaa.

"Namba moja tunaipuliza kabla ya siku ya tatu kupita tangu kupandikiza, magugu hayajaota," bwana shamba alieleza. "Namba mbili, magugu yakiwa na majani mawili matatu. Namba tatu ni ya magugu ya ndago, hiyo inasubiri zaidi."

"Na hili jaruba la nne?"

"Hilo hatupulizi kitu."

"Sawa, nitapalilia kwa mkono."

"Hapana, mzee wangu. Unaliacha tu."

"Naliacha lifanye nini?"

"Liote magugu. Bila hilo tutajuaje kama dawa zimefanya kazi? Lazima tuwe na pa kulinganisha."

Kibano hakuwa mjinga. Aliona maana yake, ingawa alijiona kama mtu aliyeambiwa amwache mtoto wake bila kumwogesha msimu mzima. Alikubali kwa sababu ya dada yake mkubwa. Dada huyo alilima majaruba matatu mwisho kabisa wa mfereji, na mgongo wake ulikuwa umestaafu bila kumuaga. Msimu uliopita alipalilia amekaa kwenye kigoda, anakisogeza kwenye tope hatua moja moja, na magugu yakamshinda. Sasa masharti ya majaribio yalisema hivi: mwenye jaruba la kulinganisha, asipong'oa hata gugu moja, siku ya maonyesho atapewa bomba jipya la kupulizia, lile la kubeba mgongoni.

"Bomba litakuwa lako, dada," Kibano alimwambia. "Na dawa utanunua ile itakayoshinda."

"Mdogo wangu, wewe uache magugu?" dada yake alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya. Tutaona."

Kibano akatia saini.

Mabango yakasimamishwa. Kwenye majaruba matatu ya kwanza bango lilitaja jina la kampuni, kwa rangi ya kijani. Kwenye la nne liliandikwa HAKUNA DAWA, na chini yake, kwa herufi zilezile kubwa, jina la mkulima.

Wiki ya tatu magugu yalikuwa yamefika magotini, na wapita njia walikuwa wamefungua vinywa.

"Kibano, pole na msiba!"

"Vidole vimeota kutu?"

"Mwacheni, jamani. Sasa anafuga."

Aliwaonyesha bango. Walisoma, wakaona jina lake, wakacheka zaidi.

Gugu la kwanza aling'oa kwa sababu njema. Lilikuwa lile linalojifanya mpunga, ambalo wengi hulipita bila kulitambua. Kibano alilitambua kwa kugusa tu: mpunga una kiulimi kidogo pale jani linapokutana na shina, hili halina. Nalo lilikaribia kutoa mbegu. Gugu likizaa mara moja, utaling'oa miaka saba. Nani angekuja kuling'oa miaka hiyo saba, bwana shamba? Akalichomoa, akalitia mfukoni ili lisionekane. Moja tu.

Kesho yake alirudi kuangalia maji. Keshokutwa pia alirudi kuangalia maji. Hakuna jaruba lililowahi kuangaliwa maji kama lile. Alijiambia ataacha nusu, lakini kumwambia Kibano ang'oe nusu ni kama kumwambia mtu apige chafya nusu.

"Baba watoto," mkewe alisema siku ya kufua, "wanawake wenzangu wakipekua mifuko ya waume zao wanakuta namba za simu. Mimi nakuta ndago."

"Machache tu hayo."

"Machache yamejaza ndoo."

Siku ya maonyesho ilifika. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, spika ikaanza kukoroma. Mwakilishi wa kampuni alikuja na viatu vyeupe, akavijutia mapema. Mwenyekiti wa skimu alihutubia kwa dakika arobaini kuhusu kilimo bora, huku shamba lake likionekana ng'ambo ya barabara. Bata wa jirani walikuwa wameingia kwenye magugu yake wiki iliyopita, wakapatikana baada ya siku mbili.

Kisha watu wakatembezwa. Namba mbili ilikuwa imeunguza ncha za mpunga zikawa njano. Namba tatu ilikuwa imemaliza ndago, ikayaachia majani mengine nafasi ya kujidai. Namba moja ilikuwa nzuri: gugu hapa, gugu pale, mtu wa kawaida angeridhika.

Namba nne ilikuwa safi kama sinia iliyofutwa.

Bwana shamba, aliyepita hapo mara ya mwisho wiki ya tatu, alifungua daftari lake, akalifunga, akalifungua tena.

"Ahaa!" mtu akapaza sauti nyuma. "Nzuri wameificha!"

"Wamebandika eti hakuna dawa ili tusiulize!"

"Tunataka namba nne! Namba nne!"

Mwakilishi alikuwa mtu wa mauzo, na mtu wa mauzo hapingani na mteja mwenye furaha. Alivuta kipaza sauti. "Ndugu wakulima, namba nne... iko katika hatua za mwisho." Makofi yalipigwa. Mwenyekiti naye akaahidi kwamba namba nne itafika kwenye skimu yao kwanza, yeye mwenyewe atafuatilia.

Dada yake Kibano alijongea akiegemea fimbo, uso umechangamka. "Mdogo wangu, nilikuwa nimeshachukua namba moja dukani. Narudisha. Nasubiri hiyo ya nne."

Kibano alihesabu siku. Maji humfikia dada yake mwisho, kwa hiyo alikuwa amepandikiza jana tu. Namba moja ilitakiwa ipulizwe kabla keshokutwa haijapita. "Dada, namba moja inatosha."

"Inatosha, lakini iliyo bora nimeiona. Macho hayana pazia."

"Itachelewa hiyo."

"Nimeusubiri mgongo huu upone miaka mitano. Nitashindwa kusubiri dawa?"

Papo hapo Kibano aliitwa mbele. Mwenyekiti alikuwa ameshika bomba jipya, bado lina harufu ya boksi. "Kwa uaminifu wake," alisema, "kwa kutong'oa hata gugu moja..."

Bomba lilikuwa karibu kabisa na mikono yake. Nyuma ya bomba alimwona dada yake ameegemea fimbo, anampigia makofi.

"Namba nne ni mimi," Kibano alisema.

Watu walicheka. "Mzee ana utani," alisema mwakilishi.

"Nimeng'oa kwa mkono. Asubuhi na jioni. Hakuna dawa yoyote, msisubiri."

"Anachanganywa na maji kiasi gani huyo?" mmoja akapiga kelele, na turubai zima likatikisika kwa kicheko.

Mkewe aliinuka kwenye kiti. Alikwenda mbele taratibu, akatia mkono kwenye mfuko wa koti la sherehe la mumewe, akaupindua nje. Ndago sita ziliangukia kitambaa cheupe cha meza kuu, bado mbichi, mizizi ina tope.

"Za leo asubuhi," alisema. "Tulikuwa tumeshachelewa."

Kicheko kilikatika. Dada yake Kibano alikuwa wa kwanza kusonya, kisha akaikumbatia chupa ya namba moja ndani ya mkoba wake kana kwamba kuna mtu aliyetaka kuinyang'anya.

"Kwa siku ni mangapi?" bwana shamba aliuliza kwa upole.

"Ndoo. Siku nyingine ndoo na nusu. Nisamehe, mwanangu."

Kijana aliandika. "Basi namba moja si mbaya kama ilivyoonekana. Tatizo sina pa kulinganisha. Ningepata jaruba lililopandikizwa wiki ile ile, maji ya mfereji huu, ambalo halijaguswa na mkono wa mtu..."

Shingo mia mbili ziligeuka, moja baada ya nyingine, kutazama ng'ambo ya barabara.

Mwenyekiti alifuta miwani. "Lile," alisema, "nilikuwa nalihifadhi kwa ajili ya utafiti."

Masharti ni masharti. Mwenye jaruba la kulinganisha, ambaye hakung'oa hata gugu moja, alikabidhiwa bomba, akapigwa picha nalo.

"Mwenyekiti, hongera," dada yake Kibano alisema kabla makofi hayajaisha. "Sasa hilo bomba utapuliza wapi, na wewe shamba lako limekatazwa dawa?"

Mwenyekiti alilitazama bomba, akamwazima mbele ya watu wote.

Siku ya tatu tangu dada apandikize, asubuhi, Kibano alipuliza namba moja kwenye majaruba ya dada yake. Alivaa buti, barakoa na glavu za mpira, bomba la mwenyekiti mgongoni, uso kama wa mtu anayemeza dawa mwenyewe. Dada alikaa tutani juu ya kigoda chake, akimwelekeza. Mara mbili aliona mgongo wa mdogo wake unaanza kuinama.

"Mikono!" alipaza sauti, na mgongo ukanyooka.

Walipomaliza, waliosha bomba mbali na mfereji, wakashika njia ya nyumbani. Kibano akaanza kuvuta glavu.

"Usivue," alisema dada yake.

"Si tumemaliza?"

"Najua. Utavua tukishalipita shamba la mwenyekiti."