Komando Alivyokatwa Vipande Vinne

Tangu aanze kusafishwa damu, Mwalimu hakuwahi kumpa mtu yeyote katika chumba kile cha hospitali zaidi ya salamu. Alifika asubuhi, akapanda mzani, akajilaza kwenye kiti chake cha dirishani, akanyoosha mkono wa kushoto achomwe sindano, kisha akafumba macho mpaka mashine imalize kazi yake. Alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote, na figo zilipomgomea mara tu baada ya kustaafu alilichukulia jambo hilo kama utovu wa nidhamu.

Wenzake walimwacha na kununa kwake. Kiti cha pili kilikuwa cha Dereva, mtu wa malori ya masafa marefu, jitu lenye kicheko cha kutikisa mirija. Cha tatu kilikuwa cha mama mmoja wa makamo, muuza vitambaa, aliyekuja kila mara amejipamba kwa hereni, marashi na kucha zilizopakwa rangi, utadhani mashine ndiyo inayomposa. Dereva alimbatiza Bibi Harusi na jina likamganda. Juu yao wote alikuwepo Sista, muuguzi wa chumba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi.

Aliyeleta kitabu ni Dereva. Kilikuwa riwaya nene kama tofali, na jaladani palichorwa shujaa wake, Komando, akiruka kutoka kwenye helikopta inayowaka moto, bastola mkono huu na bastola mkono ule, suti haina hata mkunjo. Shida ilikuwa moja. Mgonjwa aliyechomwa sindano ana mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, na kitabu kile hakikubali kushikwa kwa mkono mmoja. Kilimponyoka Dereva, kikaanguka. Sista akakiokota. Kikaanguka tena. Kilipoanguka mara ya tatu Sista hakukirudisha. Alikwenda nacho mezani kwake, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia bandeji, akakipasua mgongo.

Mwalimu alifumbua macho. "Sista! Unafanya nini? Hicho ni kitabu!"

"Kimefanyiwa upasuaji, Mwalimu. Hali yake inaendelea vizuri," Sista akajibu, huku akibana kurasa kwa stepla. Vikatoka vipande vinne, kila kimoja chepesi kama gazeti.

Basi ukawa mzunguko. Dereva akimaliza kipande anampa Bibi Harusi, mwenyewe anashika kinachofuata. Siku Bibi Harusi alipomaliza cha kwanza, alimwomba Sista akiweke tumboni kwa Mwalimu.

"Mimi sisomi mambo ya bunduki," alisema Mwalimu.

"Nani kakwambia usome?" Bibi Harusi akamjibu. "Kiache hapo hapo, kikupashe joto."

Alikiacha. Baadaye akakitupia jicho, basi tu, ajue mwandishi anaandika Kiswahili gani. Ukurasa wa kwanza Komando alikuwa amening'inia dirishani, ghorofa ya tisa. Wa pili aliachia mikono. Wa tatu aliangukia lori lililobeba magodoro, akasimama, akajifuta vumbi, akamuuliza mpita njia saa ngapi.

"Haiwezekani!" Sauti ilimtoka Mwalimu kabla hajaizuia.

Viti viwili viligeuka kumtazama. Ilikuwa kama kabati limesema.

"Nini haiwezekani?" akauliza Dereva.

"Ghorofa ya tisa! Mnajua mtu anafika chini na kasi gani? Huyu angepita kwenye magodoro, akapita kwenye lori, akaingia barabarani!"

"Lakini magodoro yalikuwepo, Mwalimu."

"Na lori lilikuwa linakwenda!"

"Si afadhali? Lingekuwa limeegeshwa ndiyo angeumia."

Mwalimu alimtazama kwa namna aliyokuwa akiwatazama wanafunzi waliosahau vipimo, akarudi kusoma kwa hasira. Alisoma kwa hasira mpaka Sista alipokuja kumchomoa sindano, na Mwalimu akamwambia ngoja kidogo.

Kuanzia hapo chumba kilibadilika. Mwalimu alikuwa na neno kwa kila sura. Simu ya Komando ilikaa msituni siku tano bila kuchajiwa. Risasi zilipinda kona. Dereva yeye aliyameza yote hayo bila maji, mpaka alipofika pale Komando alipoendesha lori la mizigo kwa magurudumu ya upande mmoja ili apenye katikati ya treni na ukuta. Hapo alikitupa kipande chini.

"Hapana! Hapa mwandishi ametutukana. Lori lenye shehena likiinuka upande mmoja limeshakufa hilo. Limelala!"

"Na magodoro?" akauliza Mwalimu kwa utamu.

"Magodoro ni mambo mengine. Usichanganye."

Sista naye, aliyedai hana nafasi ya kusoma, akajitia kutandika shuka karibu nao na kusema kwamba kidonda kilichoshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki hakiwezi kupona asubuhi yake. Bibi Harusi alikuwa mtetezi wa kila kitu isipokuwa mpenzi wa Komando, aliyekimbia kwenye tope kwa viatu vya mchuchumio. "Aliyeandika haya hajawahi kuvaa," alisema. Lakini walipombana kuhusu lile penzi lililoanza na kukolea ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya pili na ya tano, akatikisa kichwa. "Hilo ni la kweli. Marehemu mume wangu hakuhitaji hata ghorofa tatu."

Nyumbani, Mwalimu alimsimulia mkewe upuuzi huo tangu anavua viatu mpaka wanakaa mezani. Mkewe alimsikiliza, shavu kalilaza kiganjani.

"Sasa huyo Komando kilimpata nini baada ya treni?"

"Mama watoto, jambo lenyewe ni kwamba treni haiwezi..."

"Najua haiwezi. Nakuuliza kilimpata nini." Kisha akaongeza polepole, "Mwaka mzima umekwenda kule, leo ndiyo mara ya kwanza unaniletea maneno."

Mwalimu alisogeza sahani pembeni. Alimwambia kilichompata Komando.

Kipande cha tatu kiliishia pabaya. Adui, mnene mwenye jino la dhahabu, alimtia Komando kwenye gunia akiwa amefungwa mikono na miguu, akalifunga jiwe, akalitupa bwawani. Nukta. Kipande cha nne alikuwa nacho Dereva, aliyekwenda nacho nyumbani akimalizie.

Siku iliyofuata ya kusafishwa, kiti cha pili kilikuwa kitupu.

Mwalimu alitazama kile kiti, akamtazama Bibi Harusi. Mle chumbani kiti kitupu si jambo la kuulizwa kwa pupa. Bibi Harusi alikuwa ameshika hereni yake.

"Yupo, yupo," Sista akasema haraka alipoona nyuso zao. "Mshipa wake wa mkono uliziba, wamempasua jana. Amelazwa wodi ya juu. Analalamikia chakula, kwa hiyo mzima."

Roho zikarudi. Zilipokwisha kurudi, Bibi Harusi akauliza. "Na kipande?"

Mwalimu alipomaliza kusafishwa hakwenda nyumbani. Alipanda ngazi, akipumzika kila penye kona, akijiambia kwamba anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Dereva amelala chali, mkono umefungwa bandeji, uso umepungua.

"Pole, ndugu yangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Nilijua utakuja. Kiko chini ya mto."

"Nimekuja kukuona wewe."

"Umeshaniona. Kichukue usome kwa sauti, maana miwani yangu nimeikalia na Komando yuko majini tangu juzi."

Mwalimu akavuta kiti. Alianza kwa sauti ya darasani, na kwenye aya ya kwanza tu akasimama. "Sasa hapa, mtu akikosa hewa kwa muda huu..."

"Mwalimu, nakuomba. Soma, usisahihishe."

Akasoma. Komando aling'ata kamba, akatoka guniani, akafika kwenye daraja refu lililopita juu ya bonde. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akazima redio. Yule adui alikuwa akitoroka kwa puto kubwa la hewa ya moto, almasi zote kikapuni, akipita chini ya lile daraja huku akipunga mkono. Komando akapanda kingo. Akaruka. Alitua juu ya puto, likabonyea, likamrusha hewani, akatua mara ya pili amechomoa kisu, akalipasua, wakashuka wote taratibu mpaka uani mwa kituo cha polisi, ambako mpenzi wake alikuwa akingoja na pingu.

Mwalimu alifunga kipande. Alijaribu kukaza uso. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda, kikampasuka, Dereva naye akacheka huku ameshika mkono wake, analia "Usinichekeshe, nimeshonwa!", na jirani akacheka kwa sababu wao wanacheka, mpaka muuguzi wa wodi akaja kumtoa Mwalimu nje kama mtoto mtundu. Kipande kilibaki. Jirani alitaka kukisoma mwenyewe, hata kama ni mwisho bila mwanzo.

Wakati wa kusafishwa tena, Bibi Harusi hakungoja hata salamu. Mwalimu akamsimulia yote: daraja, puto, upepo unavuma, mvua inamwagika, Komando amesimama ukingoni nguo zimemganda mwilini. Alipofika mwisho, Bibi Harusi alimnyooshea kidole.

"Umetunga."

"Nimetunga?"

"Tangu mwanzo hukukipenda kitabu. Umekiharibia mwisho makusudi. Mtu anarukia puto?"

"Mama, naapa!"

"Sista, mtu anaweza kurukia puto?"

"Mimi siamini," akasema Sista.

Mwalimu damu ilimchemka, ile iliyokuwa mwilini na iliyokuwa mashineni. Alivuta boksi la karatasi laini, akaomba kalamu, akachora kwa mkono wake wa kulia daraja na puto. Aliwaeleza kwamba kitambaa kilichojaa hewa hupokea uzito polepole, kwamba umbali haukuwa mkubwa, kwamba mtu akianguka kwa mgongo na si kwa miguu, inawezekana kabisa. Alitokwa jasho. Alipoinua macho aliwaona wote wawili wanamtazama wameachama.

"Wewe ndiye unasema inawezekana?" akauliza Bibi Harusi.

"Nasema... si jambo la kukataa moja kwa moja."

Dereva alirudi wiki iliyofuata akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kipande mapajani, salamu kwa kila mtu. Bibi Harusi alikinyakua kabla hajapandishwa kitini. Alisoma kimya, midomo ikichezacheza, na hakuna aliyethubutu kumsemesha. Alifika kwenye daraja. Alifika kwenye puto. Akarudi ukurasa nyuma, akasoma tena.

"Haya. Ni kweli alirukia puto," alisema. "Nisamehe, Mwalimu. Lakini mvua iko wapi?"

"Mvua gani?"

"Ulisema mvua ilikuwa inamwagika, nguo zimemganda. Hapa jua linawaka."

Dereva aligeuka polepole. "Hata mimi sikumbuki mvua."

Mwalimu alikiomba kipande, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jua lilikuwa linawaka. Hapakuwa na hata wingu. Alibaki ameinamia karatasi, akijaribu kukumbuka mvua ile ilitoka wapi, maana aliiona kwa macho yake.

"Ilihitaji mvua," alisema mwishowe.

Bibi Harusi alifikiri kidogo. "Ndiyo," akakubali. "Bila mvua imepwaya."