Cheti cha Mwaka Mmoja

Kwetu Kibosho kihamba cha nyumbani, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya wazazi, hupewa kitinda mimba. Kaka mkubwa ana chake, na sisi wa kati tunaambiwa tukajitafutie. Jambo hilo limenikera tangu utotoni, na sioni aibu kusema.

Kitinda mimba wetu ni Denis, fundi kompyuta. Mimi ndiye niliyemwombea kazi kwa Mzee Balbir, kwenye duka la vipuri mjini Moshi, nilikokuwa mtunza stoo. Mwaka 2004 alifunga kompyuta kubwa ambayo kaunta zote sita zilisoma orodha ya mzigo kutoka kwayo, akaitengenezea cheti cha kidijitali cha kuitambulisha kwa kaunta hizo, akakisaini mwenyewe. Alitaka kidumu miaka kumi.

"Weka mwaka mmoja," nikamwambia. "Mzee asije akaona huna kazi tena."

Akanishukuru, maskini. Ilikuwa tarehe 24 Desemba. Wiki hiyohiyo Baba alikuwa ametamka kwamba atagawa ardhi mkesha wa Krismasi ijayo, na asiyekuwepo masale, mimea yetu ya kuwekea mpaka, yakipandwa asidai kitu.

Wauzaji Denis aliwafundisha vizuri: onyo la cheti kuisha muda likitokea, bonyezeni "Hapana", mniite.

Mwaka ukapita. Ukoo umekaa migombani, pombe ya mbege inazunguka, simu ya Denis ikaita. Mzee Balbir alifoka hata mimi nikasikia.

"Kaunta zote zimekataa! Usiposhuka sasa hivi, Januari usije!"

Denis akanigeukia. "Kaka, nifanyeje?"

"Nenda, ni dakika tano. Nitamwomba Baba akusubiri."

Nilijua si dakika tano. Cheti kipya lazima kiingizwe kwa mkono kwenye kila mashine, moja baada ya nyingine. Na Baba sikumwomba chochote. Alipouliza mwanawe yuko wapi, nilimjibu kwamba ameona duka lina maana kuliko sisi. Baba akanikabidhi masale nizungushie kihamba cha nyumbani.

Denis alirudi jua likizama, shati limelowa jasho, anacheka.

"Safari hii nimeweka miaka kumi, kaka. Krismasi hawanisumbui tena!"

Halafu akayaona masale mabichi, yamezunguka hata nyumba alimozaliwa.

"Sehemu yangu iko wapi?"

Nilimkatia kipande cha mbuzi. Nikamwambia ale upesi, magari ya kushuka mjini yanaisha saa moja.