Taa za Nyuma za Gari la Mair

Jumanne, tarehe kumi na nne Januari mwaka 2014, lori linalomwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani halikupanda mlima wetu. Wakubwa wa halmashauri walikuwa wamekaa kwenye chumba chenye joto wakaamua barabara ya juu haina watu wa kutosha kumwagiwa chumvi. Asubuhi hiyo mke wangu Mair akateremka na kigari chake cha zamani cha spoti kwenda kazini, barafu ikiwa imetanda. Kona ya chini hakuikata. Akasimamishwa na ukuta wa mawe.

Kwenye baraza la uchunguzi wa kifo chake mchunga kondoo mmoja akasema aliliona gari likipita, na taa za nyuma, zile za breki, hazikuwaka. Basi bwana mkubwa aliyeongoza baraza akatamka: hakukanyaga breki. Akaishia hapo, na kijiji kikamalizia chenyewe kwamba alitaka kufa, kwa sababu mwezi ule Mair alikuwa ameambiwa zahanati anayofagia inafungwa. Kanisani watu wakawa wananishika bega bila kusema neno. Walichosema wakifika kwao nakijua.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini gari lile nalijua. Taa zake za breki haziwashwi na mguu, zinawashwa na msukumo wa mafuta ya breki ndani ya bomba. Bomba likipasuka, utakanyaga mpaka sakafuni na taa isiwake. Na bomba lilikutwa limepasuka. Wao wakasema ni ukuta uliolipasua. Mimi nikasema lilipasuka kabla. Nikaambiwa niketi. Kisha wakaliacha gari uani kwao, mvua ikalinyeshea miezi, na waliponirudishia, kutu ilishautafuna ule ufa. Hata mimi sikuweza kusema tena ulianza lini.

Mwaka huu ndipo nimepata moyo wa kuligusa. Magurudumu ya mbele nimetoa breki za dramu nikaweka za diski. Mabomba ya chuma nimeyatupa, nimekunja mapya ya shaba. Masta silinda, ile pampu kuu ya breki, nimeweka ya njia mbili, mbele na nyuma kila upande na mafuta yake, moja ikipasuka nyingine ishike. Wenye chama cha magari ya zamani wananiambia naharibu asili ya gari. Asili hiyo naitembelea makaburini kila Jumapili.

Ikabaki kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba. Hiyo ni kazi ya wawili: mmoja kitini, mmoja chini kwenye gurudumu na spana. Wa chini anasema "Chini", wa juu anakanyaga. Nati inalegezwa, mafuta yanatema mapovu, inakazwa. "Achia", mguu unatoka. Zamani kitini alikaa Mair na sweta lake analolifuma. Nikisema "Achia", alikuwa haachii. Anashikilia makusudi mpaka niseme tafadhali.

Safari hii nilimwita kaka yake, Idwal, dereva wa basi mstaafu.

"Shemeji, kiti hiki kilishonewa paka," akasema, akijisokomeza.

"Kanyaga, usihubiri. Chini."

"Nimebeba nusu ya bonde hili kwa mguu huu, leo nafundishwa kukanyaga."

"Uliwabeba wakitapika. Achia."

Tukamaliza magurudumu matatu hivyo. Kisha akaegemea usukani.

"Ukishamaliza utafanya nini nalo?"

"Nitateremka nalo mlima."

"Ili iweje? Breki mpya zitakwambia nini juu ya zile za zamani?"

Nikamuuliza nilichokuwa sijawahi kumuuliza: "Wewe Idwal, unaamini alikanyaga?"

Nikasikia anajikwamua kitini. "Mimi nina njaa," akasema. "Naenda kuchukua chipsi."

Akaondoka. Nikabaki chini ya gari, gurudumu la mwisho, la mbele. Ndugu wa damu, naye amemeza maneno ya wakubwa.

Haukupita muda, springi za kiti zikalia. Nikajua amerudi, ameona aibu.

"Chipsi zimeisha, nini?"

Kanuna, nikasema moyoni.

"Chini."

Ukuta mweupe wa gereji nyuma ya gari ukawa mwekundu, taa zimewaka. Nikalegeza nati. Mapovu yakatoka, wekundu ukafifia. Nikakaza. "Achia." Tukarudia, na tukarudia tena, mpaka mafuta yakatoka safi, bila hata povu moja. Mguu ulikuwa mwepesi, wenye subira. Nilijiambia Idwal sasa anajifunza.

Mara ya mwisho nati sikuigusa, nilitaka tu kupima.

"Chini."

Ukuta ukawaka wote. Pedali ilikuwa ngumu kama inavyotakiwa. Sikusikia hata tone likidondoka.

"Achia."

Wekundu haukuondoka.

"Idwal, achia bwana."

Ukuta ukabaki vilevile. Hapo geti la nje likalia, na harufu ya siki ya chipsi ikaniingia puani. Nikageuza kichwa. Viatu vya Idwal vilikuwa vinakuja kutoka barabarani, vikafika mlangoni, vikasimama.

Neno la kumwachisha, lilelile la zamani, nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema. Nilitaka kwanza Idwal aone.

Pakiti moja ya chipsi ikaanguka karibu na mkono wangu. Idwal aliutazama ukuta, kisha kiti kitupu, kisha ukuta tena.

"Shemeji," akasema polepole, "hiyo breki kaishikilia nani?"