Mikono Yangu Ilibaki Mlangoni kwa Pamba

Kwi, kwi, kwi. Kijigurudumu cha Pamba kilikuwa kikizunguka jikoni, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba nimeamka kwenda kukitazama.

Pamba ni hamsta, panya mdogo wa kufugwa, mviringo kama andazi. Mjukuu wangu Saumu aliniachia alipokwenda Dodoma kusomea uuguzi. Likizo iliyopita alimkutanisha na dume la rafiki yake jioni moja, akalirudisha kwao, kisha akaniambia, "Bibi, atazaa baada ya siku kumi na sita. Usimshike, usimsafishie kizimba, na akizaa usiwaguse watoto wiki mbili."

La mara ya kwanza hakulitaja. Nilimshukuru kimoyomoyo.

La mara ya kwanza ni hili. Pamba alizaa sita, wekundu, bila manyoya, macho yamefumba. Mimi nimeogesha watoto wachanga wa mtaa mzima hapa Ngamiani. Nikaona haya tu ya kuwaacha hivyo hivyo. Nikawatoa, nikawapangusa kwa maji ya vuguvugu, nikawapaka mafuta ya nazi mmoja mmoja, nikawarudisha. Asubuhi hapakuwa na hata mmoja. Mama yao alikuwa amewala.

Basi, katika ndoto nafika jikoni. Mlangoni ameketi mfuniko wa sufuria yangu ya pilau, amevaa miwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwona mzazi."

"Wewe nani?"

"Mimi bibi."

"Mabibi ndio tunaowaogopa," akasema mfuniko. "Sheria ni kutogusa. Acha mikono."

Nikauliza niiache vipi. Akasema kama watu wote. Mkono wa kulia niliuzungusha kwa wa kushoto, ukafunguka kama kifuniko cha chupa ya chai. Wa kushoto sikuwa na cha kuufungulia, mfuniko akanisaidia. Alikuwa na mkono mwepesi, hakuniumiza hata kidogo. Akaitundika yote miwili kwenye msumari wa aproni.

"Na harufu ya nazi nayo?"

"Itakaa hapa na mimi. Tutazungumza."

Harufu yangu ikavuta kigoda, ikakunja nne.

Naingia. Chini kuna maranda ya seremala yananifika magotini, na pembeni kuna benchi refu, limeandikwa moja mpaka kumi na sita. Nafasi kumi na tano ni tupu. Siku zake zimeshaingia ndani kwa Pamba, kila siku kwa zamu yake. Kwenye ya mwisho ameketi Siku ya Kumi na Sita, mwanamke mwembamba, amekumbatia mkoba.

"Mbona huingii, mwanangu?" nikamuuliza. "Mwenzio ana uchungu huko ndani."

"Siingii mpaka nijue nani yuko nje. Wewe si yule wa mafuta?"

"Ndiye mimi."

"Angalau husemi uongo." Akakaza mkoba. "Watoto wamo humu. Nikiingia wanazaliwa. Wakizaliwa, wewe upo. Sasa niambie, nifanye nini?"

Nilitaka kujifuta machozi, nikakumbuka mikono iko msumarini.

"Mwulize mwenyewe," akasema. "Akikukubali nitaingia. Asipokukubali nitaondoka na mkoba wangu."

Mbele yangu palikuwa na bomba la karatasi. Nikaingia kwa kutambaa juu ya viwiko, nikatokea katika chumba nilichomzalia mwanangu wa kwanza, miaka hamsini na miwili iliyopita. Taa ya chemni ilikuwa pale pale. Mlangoni, juu ya mkeka, ameketi marehemu mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, amenipa mgongo.

Ndipo nikakumbuka. Alikaa mlangoni hapo siku arobaini. Waliokuja kubeba mtoto aliwarudisha: "Mzazi amelala." Yeye mwenyewe aliniletea uji wa pilipili manga, akauweka, akatoka. Mtoto hakumshika mpaka nilipompa mimi. Wakati ule nilidhani hanipendi.

"Mama," nikamwambia, "sikukushukuru."

"Uji uliumaliza?"

"Niliumaliza kila siku."

"Basi ulinishukuru," akasema. "Sogea, kiuno kinaniuma. Sasa zamu yako."

Akainuka, akaniachia mkeka.

Kitandani kwangu amelala Pamba, mkubwa kama mbuzi, amejifunga leso, tumbo limejaa pande zote mbili. Nikapiga magoti.

"Pamba, wale sita ni kosa langu. Nimekuja kuomba radhi. Mikono nimeiacha nje."

Alitafuna mbegu ya alizeti.

"Sikuwa na njaa, Bibi," akasema mwisho. "Walirudi wananukia nazi. Nikasema hawa si wangu, au ni wangu na kuna adui. Nikatafuta pa kuwaficha. Mahali palipokuwa na mlango wa kufunga ni mdomo wangu tu."

"Nisamehe."

"Ulikuwa unawapenda?"

"Nilikuwa nawapenda sana."

"Nilijua. Yai la kuchemsha uliloniletea siku ile ulilimenya." Akanyoosha kikono, akanifuta machozi, jicho hili na lile. "Kaa mlangoni."

Kwenye benchi Siku ya Kumi na Sita alisikia. Akavua viatu, akaingia na mkoba wake, akafunga pazia.

Nikakaa mkekani, mgongo ndani, uso nje. Nilikuwa na hamu ya kugeuka, wallahi. Sikugeuka.

Ukaja ufagio. "Nasikia mna takataka humo."

"Rudi baada ya wiki mbili."

"Lakini pananuka!"

"Pananuka kwake. Mwenyewe hajalalamika."

Likaja dume, limechana sharubu, limebeba karoti.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kumpongeza mke wangu."

"Marahaba. Karoti iweke hapo, wewe rudi kwenu."

"Dakika moja tu!"

"Dakika moja yako naijua. Ukiingia leo, leo hii hii utamwachia mimba nyingine, na hawa hawajanyonya."

Likacheka kwa aibu, likaweka karoti, likaondoka. Tabia yake si mbaya, ana haraka tu.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti nyembamba, kama mlango usiotiwa mafuta. Ikafuata nyingine. Nikazihesabu bila kugeuka: nane.

Pamba akaja mpaka mgongoni kwangu. Kwa meno yake akafunga kitu katika pindo la kanga yangu. Akaniambia neno, lakini alikuwa na watoto wawili shavuni, akiwahamisha, na sikulisikia vizuri.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mikono yangu yote miwili ilikuwepo. Niliinusa. Usiku niliipaka mafuta ya nazi kama kawaida yangu, lakini haikunuka kitu.

Niliingia jikoni nimeinamisha macho, nikasukuma yai la kuchemsha ndani ya kizimba, nikatoka. Simu ikalia. Ni Saumu.

"Bibi, leo ndiyo siku yenyewe. Amezaa?"

"Amezaa. Wanane."

"Bibi... umewagusa?"

"Hata kuwaona sijawaona, mjukuu wangu."

"Sasa umejuaje kama wanane?"

Nikamwambia chai yangu inapoa.

Ndipo nikaona fundo katika pindo la kanga niliyolala nayo. Mimi hufunga fundo moja la kuvuta. Hili lilikuwa limebanwa kwa meno. Nikalifungua taratibu. Ndani palikuwa na karatasi kutoka kalenda ya ukutani, ile ya kuchana kila siku, imetafunwa pembeni. Leo ni tarehe nne. Karatasi ile ni ya tarehe kumi na nane, siku zile wiki mbili zitakapotimia, nao watakuwa wamefumbua macho.

Na pale pale, nimeishika mkononi, nikalielewa lile neno aliloniambia mashavu yamejaa:

"Uje tena, Bibi. Siku hiyo uje na mikono yako."